Uliwaambia Nina Mtoto Mmoja

Mpendwa dada,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, kwamba hata ukiwa umekasirika vipi humrukii mkubwa wako bila salamu. Ila usidhani nimepoa. Sijapoa. Naandika nimekaa jikoni, kuni zimelowa kwa ukungu wa siku nzima na moto umegoma, moshi unanitoa machozi, na mengine yanatoka yenyewe bila moshi.

Barua hii naiacha wazi, anayetaka aisome. Jina lako silitaji. Lakini wewe ulisema yako mbele za watu, basi na mimi leo nasema yangu mbele zao.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda shule? Ile njia ya kushuka bondeni, majani yanatufika kiunoni, na umande wa huku kwetu unavyolowesha. Ulikuwa unatangulia wewe. Unapita unapangusa umande kwa sketi yako, mimi nafuata nyuma, na tukifika darasani wewe umelowa chapachapa, mimi mkavu. Siku moja mwalimu alikugombeza kwa kuchafua sakafu, na hukumwambia kwa nini umelowa peke yako. Tulipotoka nikakuuliza kwa nini umenyamaza. Ukacheka, ukasema, "Wa mbele ndiye anayelowa, mdogo wangu. Ndiyo kazi ya kuzaliwa kwanza." Nilikupenda sana siku ile. Nilikua nikiamini kwamba popote nitakapopita, wewe utakuwa umeshapita.

Ndiyo maana ulipokuja na watoto wawili na mabegi matatu, sikuuliza maswali mengi. Ndoa yako ilikuwa imevunjika, kazi umeipata Dodoma, na jioni ulitaka kusoma ili upande cheo. Zaituni alikuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza. Hamisi ndiyo kwanza ameacha ziwa, anatembea hatua chache anakaa. Ulikaa palepale ninapokaa sasa, hukugusa hata chai, ukasema, "Nikienda na hawa, nitapoteza kazi na shule yote mawili. Nisaidie. Watoto wangu ni watoto wako."

Na mimi wakati huo nilikuwa nani? Nilikuwa bibi shamba wa kampuni ya mbegu, mwenye pikipiki na buti, ninayejulikana na wakulima wa kabichi na viazi kuanzia Rangwi mpaka Mtae. Mwanzoni wazee walinicheka. "Huyu binti ndiye atufundishe viazi?" Baadaye walikuwa wakinitumia watu waje kunichukua, majani yakianza tu kukauka. Kazi ile niliipenda, dada. Niliipenda hata matope yake. Salehe wangu alikuwa bado mchanga, na Mama ndiye aliyenishikia. Lakini miguu ya Mama uliijua. Mtoto mmoja aliweza, watatu wasingewezekana, na wewe uliliona hilo kabla sijalisema.

Ukanishika mikono yote miwili. "Acha kazi kwa muda tu. Siku utakayotaka kurudi, mimi ndiye nitakayekusemea. Wewe niambie tu."

Nilipopeleka barua ya kuacha kazi, bosi wangu alinionya kwamba kutoka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nina dada."

Basi wakawa watatu. Zaituni alikuja hajui neno la Kishambaa, watoto wa jirani wakamfanya kichekesho, na haukupita muda akawa anawashinda kwa mafumbo. Hamisi na Salehe walilala kitanda kimoja, waliugua pamoja, walipigana wakashonwa nyuzi siku moja. Na Mama, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa jambo moja. Mgeni akija akauliza, "Hawa wawili ndio wa dada yako?" Mama anamkata palepale: "Humu ndani hakuna mtoto wa dada. Kuna watoto." Mgeni anameza swali lake pamoja na chai. Ilifika mahali hata mimi nisingeweza kutamka "mtoto wa dada yangu" bila ulimi kuwa mzito, na nani huku kwetu anayeweza? Mama mdogo ni mama. Hilo halifundishwi, mtu analikuta.

Kifua cha Hamisi ndicho kilichonizeesha. Kila baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikiingia, anaanza kukoroma kama jiko la mafuta linaloishiwa. Kuna mwaka mvua zilikata barabara, gari haliendi, nikamfunga mgongoni kwa kanga mbili na kushuka naye kwa miguu mpaka zahanati, na alikuwa mkubwa kiasi kwamba miguu yake ilikuwa ikinipiga magotini. Nikiwa pale kwenye benchi nilikupigia. Ukasema, "Nina mtihani kesho, mpe pole, nitapiga." Sikukasirika. Niliona ni sawa, wewe uko kwenye mtihani wako na mimi niko kwenye wangu. Nakueleza leo ili ujue kwamba sikuwahi kukuhesabia.

Zaituni alipomaliza la saba ulikuja kuwachukua wote wawili. Hamisi alishika mlango, Salehe akamshika Hamisi, na wewe ukasema watazoea. Walizoea, nashukuru. Nyumba ndiyo haikuzoea.

Halafu ikaja ile video. Binamu yetu aliituma kwenye kundi la familia, kwa furaha, akidhani anatusifia. Uko mbele ya wafanyakazi wenzako, sikukuu ya wanawake, umevaa kitenge kizuri, unasema uliachwa na watoto wawili wadogo, ukawalea peke yako, ukasoma, na hukuwahi kuacha kazi hata mwezi mmoja. Watu wanapiga makofi, mwingine anajifuta macho. Mume wangu aliangalia, akanirudishia simu, akasema, "Dada yako ni dada yako," akatoka nje. Mimi nilijilazimisha kucheka. Nilijiambia ni maneno ya jukwaani, ya kupambia shughuli. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe nilikuwa naipenda, nikaendelea kuivaa.

Mwaka huu nikaona tangazo. Shirika linalofanya kazi na wakulima wa mboga, ofisi Lushoto mjini, wanatafuta bibi shamba. Nikaandika maombi. Pale kwenye miaka ya kimya nikaandika nilivyozoea kusema: niliacha kazi ili kulea watoto wangu watatu. Kwa mdhamini nikaweka jina lako. Nilikupigia kukuarifu, na ukasema, "Hilo tu? Niachie mimi."

Kwenye usaili walikuwa watatu. Binti mmoja mwenye kompyuta aliuliza kwa adabu, "Hapa katikati, mama, miaka yote hii ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia wazee walishasema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakacheka, nami nikawaeleza sawasawa: watoto watatu, shamba langu dogo, na majirani ambao hawakuacha kuniletea majani yao wagonjwa hata nilipokuwa na mtoto mgongoni. Tuliongea vizuri, dada. Mwenyekiti wao, mtu mzima, alinisindikiza mpaka mlangoni. "Tunaongea na wadhamini tu, halafu tutakupigia." Nilipita sokoni nikanunua nyama, na mapeasi ya Salehe. Nilirudi nyumbani naimba.

Alipopiga, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, kazi unaiweza, hilo halina ubishi. Lakini ulitwambia watoto watatu. Mdhamini wako, tena ndugu yako wa damu, anasema una mmoja, na kwamba miaka hiyo ulikuwa umekaa nyumbani tu. Sisi tunamkabidhi mtu mbegu na dawa za wakulima. Tukianza na uongo, tutaishia wapi?"

Ilikuwa sentensi moja tu. Ningesema, "Wawili ni wake, yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea." Sikuisema. Kuisema ni kumwambia mtu mgeni kwamba dada yangu ni mwongo, na mimi sikujua kulitamka hilo mbele ya mtu wa nje. Nikamshukuru. Nikakusitiri, wewe uliyeshindwa kunisitiri.

Kisha nikakupigia wewe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niko kwenye kikao, vipi?"

"Uliwaambia nina mtoto mmoja?"

Nilisikia mlango unafungwa, kumbe umetoka nje. Ukasema kwa sauti ya chini, "Kwani wewe umezaa wangapi?"

Dada. Hilo ndilo ulilonijibu.

Kisha ukaendelea. "Ungeandika tu ulikuwa na biashara, watu wote wanaandika hivyo. Watoto umewaingizia nini humo? Yule mwenyekiti anafahamiana na watu wa hapa ofisini. Mimi hapa najulikana nimelea wanangu mwenyewe. Ulitaka niseme nini?"

Nilitaka useme kweli. Ungesema, "Mdogo wangu alilea wake na wangu, ndiyo maana mimi niko hapa nilipo." Basi. Ungepungukiwa nini? Labda makofi kidogo. Mimi nimepungukiwa kazi, ambayo sasa anaifanya mtu mwingine, namwona anapita na pikipiki mpya, na kila akipita nageuza uso kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Nimefikiri sana juu ya wasifu wako usio na pengo, ule unaojivunia. Pengo lako lipo, dada. Liko kwenye wasifu wangu. Wewe ulipandishwa cheo nami nikiwa napika uji, ukavaa joho la mahafali siku ambayo mimi niko zahanati na mwanao, na sikuona wivu, kwa sababu nilidhani tunapanda mlima mmoja. Sikujua kwamba ukifika juu utasema ulipanda peke yako. Wanasema asante ya punda ni mateke. Punda angalau hajui kusema, wewe uliulizwa kwa lugha unayoijua.

Sitaki urudishe kitu. Miaka ile sijutii, na watoto wasije wakasikia kwamba najuta. Ningewalea tena kesho. Ninachokidai ni uliite jambo hilo kwa jina lake. "Amekaa nyumbani tu." Ningekaa lini? Waulize waliokuwa wanalala mgongoni kwangu kama niliwahi kukaa.

Nimeomba tena kazi, safari hii Mponde, kwa wakulima wadogo wa chai. Nimeandika kila kitu: watoto watatu, mmoja nimemzaa, wawili wa dada yangu. Hapo kwenye "wa dada yangu" niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilihisi nawafukuza nyumbani. Nikamwona Mama akininyooshea kidole. Lakini ofisi zina hesabu zake, na wewe ndiye uliyenilazimisha kuwagawa. Mdhamini nimemweka mwalimu wao wa shule ya msingi, yule aliyekuwa akituma mtu aje kuniita kila kifua cha Hamisi kikibana. Nilipomwomba alishangaa. Akasema, "Sasa dada yako je?" Nikamwambia uko mbali.

Idi inakaribia. Walete watoto. Vitanda vyao havijatolewa, na Salehe amekua, amemshinda Hamisi urefu, kutakuwa na fujo. Na wewe njoo. Nitakusalimia, nitakupikia, nitakutandikia. Lakini usiniombe nicheke.

Nakuaga kwa ombi moja. Mponde wana utaratibu wao, huenda wakawatafuta ndugu pia. Basi simu ikiita, mtu akakuuliza mdogo wako ana watoto wangapi, usijibu wewe.

Mpe simu Zaituni.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hapa kijijini hawajui kumwita jina lingine ila Mama Zaituni.