Mate Uliyonitemea Nyuma ya Magunia

Mama yangu mpendwa, mwenye duka pale Kesses,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ulinifundisha kwamba habari njema haipigi hodi mara mbili. Nakuandikia nikiwa ofisini hapa Eldoret mjini, viatu nimevua, simu nimeizima, na kikombe cha chai kiko mbele yangu. Hiyo chai nayo ina kisa chake. Nitakifikia.

Unakumbuka asubuhi uliyofagia barabara? Nilikuwa darasa la sita. Ulianzia mlangoni pa duka ukafagia hadi stendi, kisha ukarudi na upande wa pili. Wanafunzi wa chuo kikuu cha pale walikuwa wanakukwepa kama dimbwi. Nilikushika gauni nikakuomba turudi ndani. "Wageni wanakuja, Njeri," uliniambia. "Wageni wengi. Sasa wakute vumbi?" Mgeni hakuja hata mmoja. Aliyekuja ni Tata Wairimu, dada yake Baba. Alikushika mkono akakurudisha nyumbani, na njia nzima akawaambia majirani kwamba ukoo wenu una damu mbaya. Nisimnyime haki yake: wiki zote ulizolazwa hospitalini, ni yeye aliyetupikia. Lakini lile neno la damu alilipika pia, na tukalila kila siku.

Halafu ikaja siku ya kwenda kidato cha kwanza. Akina mama walipanga foleni sebuleni, kila mmoja akanitemea mate kidogo viganjani, jinsi watu wetu wanavyombariki mtoto anayesafiri. Ulikuwa umepona miezi mingi. Ulikuwa umevaa lile gauni la maua ya zambarau na umesuka nywele. Zamu yako ilipofika, Tata alisimama katikati yetu. "Mate ya mgonjwa haibariki," alisema. "Usimharibie mtoto masomo."

Uliingia dukani, nami nikakufuata. Nyuma ya magunia ya mahindi ulinishika mikono, ukanitemea, kisha ukanifunga vidole kimoja kimoja kama unayefunga kifurushi. "Usifungue mpaka ufike geti ya shule," ulisema, na ukacheka. Mama, sanduku la bati nililibeba kwa viwiko! Mlinzi wa geti alidhani nina majipu.

Sasa sikiliza kazi ninayofanya. Ninaratibu utafiti. Kuna wanasayansi katika nchi kadhaa wanaotafuta jinsi magonjwa ya akili yanavyohusiana na jeni, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Mimi nahakikisha kwamba kituo chetu kinafanya kazi sawasawa na vituo vingine: maswali yaleyale, fomu ileile, chupa zilezile. Na unajua chupa hizo zinatiwa nini? Mate. Siku niliyoonyeshwa mara ya kwanza, nilikwenda chooni nikacheka mpaka nikalia.

Lakini kicheko kilipoisha, niliogopa. Nilijiuliza, je, tukichungulia huko ndani tukute Tata alisema kweli? Nilifanya kazi miezi mingi na hofu hiyo kifuani, natabasamu kwenye mikutano, na usiniulize kama nililala vizuri.

Mwaka wa kwanza nusura tufukuzwe. Barua ilitoka maabara kwamba sampuli zetu nyingi hazifai, na wenzetu wakatupa miezi mitatu tujirekebishe, la sivyo kituo cha Eldoret kitolewe. Nilimwita Kiprono, mkuu wa wanaokwenda vijijini, tukazikagua chupa moja moja. Mate yalikuwa na rangi ya udongo.

"Madam," akasema, na kichwa kimeinama, "hiyo ni chai."

"Chai imeingiaje?"

"Sasa mtu akupikie chai, umwambie hapana? Tunakunywa na yeye, halafu ndio anatema."

Mwongozo ulisema wazi kwamba mtu asile wala asinywe chochote nusu saa kabla ya kutoa mate. Lakini aliyeuandika hajawahi kuingia nyumba ya mtu huku kwetu. Wewe mwenyewe ungemshika mgeni shati akikataa chai yako. Vijana wetu walikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu ilikuwa inatufukuzisha kazi.

Dawa ilitoka kwa Kiprono huyohuyo. Alisema tusikatae chai, tuicheleweshe tu. Ukifika, mwenye nyumba aweke sufuria motoni. Maji yakichemka kwa kuni, unamweleza utafiti pole pole, anauliza maswali yake yote, anakubali au anakataa, wala hakuna aliyeonja kitu. Kuni mbichi za huku, nusu saa inapita bila kutazama saa. Anatoa mate, chupa inafungwa, ndipo chai inamiminwa. Na chai ikishaiva, hakuna anayekumbuka kuharakisha kuondoka, kwa hiyo watu walituambia mambo ya wagonjwa wao ambayo hawajawahi kumwambia mtu.

Sampuli zilizofuata zilikuwa safi, Mama. Safi kabisa! Wenzetu wakauliza tumefanyaje, na leo katika mwongozo wa pamoja, unaosomwa nchi zote hizo, kuna mstari niliouandika mimi binti yako: kama ni desturi ya nyumba, chai iwekwe motoni kwanza, inywewe mwisho.

Mwezi uliopita walikuja wote, mkutano ukafanyika hapa Eldoret. Walishuka na mabegi yao, wengine wakitetemeka kwa baridi yetu ya asubuhi, na mimi nikasimama mlangoni kuwapokea. Nilitazama sakafu kama kuna vumbi. Wageni walikuja, Mama. Ulikosea siku tu.

Katika mkutano huo, profesa wetu aliulizwa na mzee mmoja wa mtaani kama ugonjwa huu ni wa ukoo fulani. Akajibu kwa lugha ya jikoni. Alisema bado hatujui mengi, lakini hakuna jeni moja ya wazimu. Ni vitu vidogo vidogo vingi sana, na kila mmoja wetu amevibeba kiasi chake, hata yeye profesa. Wengine wamebeba zaidi, na maisha yakiwaongezea shida, wanaugua. "Damu mbaya haipo," alisema. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti cha kuzungushia watu, na nilishindwa kukipeleka kwa mwingine. Hofu yangu yote ilitoka kwa machozi, mbele za watu, na sikuona haya.

Kisha wiki iliyopita Tata alinipigia. Sasa ni mzee, anaishi Sugoi. Alisikia kwamba tunahitaji mate ya watu wazima wa afya pia, ya kulinganisha na ya wagonjwa. Sikuwa nimemwomba, kanuni zetu haziniruhusu kumshawishi ndugu. Leo nilikwenda kwake kama mpwa tu, nikakaa pembeni, Kiprono akafanya kazi yake. Sufuria ilikuwa motoni.

"Hii mate mnatafuta na gari," Tata aliniuliza, "hata ya wagonjwa?"

"Ya wagonjwa ndiyo ya kwanza, Tata. Inawekwa friji moja na ya wazima."

"Ningekaa rafu moja na mama yako?"

"Angekuwa hai, mngekaa."

Alichukua muda mrefu kujaza chupa, maana mdomo wa uzee ni mkavu. Kiprono alipoifunga, Tata akaniita karibu, akanishika mikono.

"Kuna baraka nilizuia siku ile," alisema. "Haikuwa yangu. Ni ya mama yako, mimi naleta tu."

Akanitemea viganjani. Sikumwambia kwamba ulishanibariki nyuma ya magunia. Mzigo huo alistahili kuutua mwenyewe. Nilifunga vidole kimoja kimoja, jinsi ulivyonifunga. Chai ilipomiminwa, mikono yangu ikiwa bado imefungwa, nilimwomba Kiprono aniwekee yangu kwenye chupa ya chai; ndiyo hii iliyo mbele yangu.

Kiprono alinifungulia mlango wa gari Sugoi, akanifungulia tena mjini. Sikuifungua mikono mpaka getini pa ofisi, Mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako uliyembariki mara mbili.