Sahihi ya Vitus Kikoti kwenye Programu ya Zahanati

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Tumpe Mwasomola. Umri: miaka 38. Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta. Dini: Mmoraviani. Makazi: Uyole, Mbeya.

Nimeonywa niseme kweli, na nitaisema.

Tangu mwaka 2018 nasimamia programu ya kuandikia chanjo za watoto, inayotumika katika zahanati thelathini na moja. Ni ya bure. Yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Sharti ni moja tu: anayeleta kazi anatia sahihi kwamba ameandika mwenyewe, au anamjua aliyeandika na huyo ametoa ruhusa.

Vitus Kikoti wa Mlandege, Iringa, ni mwenzangu toka mwanzo. Mnamo tarehe 11/03/2025, saa nne asubuhi, alileta sehemu ya kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki, akatia sahihi. Niliipokea bila kuuliza. Uzembe huo ni wangu.

Tarehe 02/09/2025 kampuni moja ilileta malalamiko hapa kituo cha polisi kwamba mistari mia mbili ya sehemu hiyo ni yao, hata kosa lao la kuhesabu tarehe limo. Nikampigia Vitus. Akasema, "Dada Tumpe, ile niliandikiwa na akili mnemba, mashine ya kwenye kompyuta. Nikilima kwa trekta, mahindi si yangu?" Nikamjibu kwamba trekta haling'oi miche ya jirani. Kusema kweli, hata mimi sijui ile mashine inatoa wapi vitu vyake.

Tarehe 15/09/2025 nilijaribu kuiondoa sehemu hiyo, nikashindwa. Wengine wameshajenga juu yake, na Vitus alikuwa akiitumia mashine mwaka mzima, hivyo sijui kipi kingine alicholeta si chake. Nimeifunga programu yote. Zahanati zimerudi kwenye madaftari. Inaniuma sana.

Jana tarehe 22/09/2025, saa tano asubuhi, wewe afande ulimtoa Vitus mahabusu, alikowekwa kwa malalamiko hayo, ukamleta mbele yangu, ukamwekea kompyuta, ukamwambia aonyeshe alichoandika kwa mkono wake, huenda kikamsaidia. Alitafuta karibu saa nzima. Akaonyesha mistari kumi na minne, akasema, "Hii yangu, naikumbuka kabisa." Akanitazama mimi.

Sikusema neno. Mistari ile niliiandika mimi mwaka 2019, nimelazwa wodini nikisubiri kujifungua. Vitus hakudanganya, afande. Aliamini. Lakini leo umeniuliza mistari ile ni ya nani.

Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema. Sina la kuongeza.

Sahihi: T. Mwasomola, 23/09/2025

Mimi Koplo Gideoni nimeyaandika maelezo haya. Shahidi ameomba mtuhumiwa asisomewe. Nimemweleza kwamba atasomewa.