Neno "Kavu" Kwenye Kitabu cha Ghala

Afande wangu Yokana,

Ni mimi, Koplo Sila, uliyenifundisha kufungua bunduki nikiwa nimefumba macho. Wiki sita sasa tangu wakuchukue pale kwenye ghala la silaha. Mkeo alikukuta hospitali ya Mulago, chumba cha maiti, umefunikwa shuka. Nina jambo limenikaa kooni, acha niliteme.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza? "Sila, unakaanga chapati ama unasafisha bunduki? Punguza mafuta!" Ulisema mafuta na vumbi vikikutana vinazaa matope, na bolti yenye matope inamuua mwenye bunduki. Kwa hiyo kikosi kilipopangiwa kwenda kwenye vumbi la kaskazini, ulizipangusa zote, ukabakiza mafuta ya kulowesha ncha ya kidole tu. Kitabuni ukaandika neno letu sisi mafundi: "Kavu."

Lakini kapteni alitaka zing'ae kwenye gwaride la kuaga. Akaamuru zimwagiwe mafuta. Kule vumbini zikakwama, askari wawili wakafa. Kapteni akafungua kitabu, akapiga kelele, "Kavu! Amezinyima mafuta makusudi!" Akanigeukia. "Koplo, kavu maana yake nini?"

Ulinitazama, Afande. Ulingoja.

Nikasema, "Kavu ni kavu, afande."

Mungu wangu! Maneno matatu tu, wakakufunga mikono.

Sasa mkeo ameambiwa ahame kambini Ijumaa pamoja na watoto, eti ni familia ya msaliti. Na bunduki mbili zilizokwama zimerudi, ziko mbele yangu hapa mezani. Nimefungua bolti. Matope matupu, meusi, yamegandamana mpaka pini haitoki. Kapteni ameniamuru nizisafishe kabla meja hajaja kukagua kesho asubuhi. Amepita mlangoni mara mbili, ananiuliza kama nimemaliza. Namjibu, "Bado kidogo, afande." Lakini matope hayo sijayagusa.

Kesho nitazifungua mbele ya meja na askari wote. Nitamweleza kavu ni nini, na nani aliagiza mafuta. Akiniuliza kwa nini sikusema siku ile, nitamwambia niliogopa. Najua wanaweza kunichukua na mimi.

Jioni hii nilimweleza mkeo yote, ili abaki mtu anayejua. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Sila, ungesema siku ile."

Kwaheri, mwalimu wangu. Kesho nitasema.

Sila