Raba Zilizokosa Msamaha

Jumanne, 8 Julai

Soko la Guangyuan Xilu, huku China, tangu saa tatu asubuhi. Miguu inawaka. Orofa nne za nguo, wapagazi na marobota yao wanapiga kelele tuwapishe. Sweta za shule nimepata kwa bei nzuri. Mikoba ya watoto bado. Laoban, mwenye duka wa pale kwenye kona, hashuki hata yuan moja. Nimemwacha. Kesho ataniita mwenyewe.

Mwalimu Mwanahamisi katuma picha za nyayo. Kumi na mbili. Kila mwaka huwasimamisha wasichana wake wa netiboli juu ya karatasi za daftari, anazungusha kalamu kwenye mguu, anaandika jina, analaza rula pembeni nione sentimita. Anasema namba za viatu vya Wachina hazina adabu. Kuna mmoja anaitwa Shida, mlinzi wa goli, mguu wake haukuenea kwenye karatasi moja. Wameunganisha mbili.

Mwaka wa sita huu napeleka zawadi ya jezi na raba chuo cha ualimu nilikosoma. Kwa Mwalimu ni wa mwisho, anastaafu mwishoni mwa Septemba. Mashindano ya vyuo ni tarehe 6 mwezi huohuo. Anataka kuaga na kombe. Hajawahi kulishika. Sisi, enzi zetu, tulimfikisha fainali, tukafungwa bao moja. Mpira wa mwisho nilirusha mimi. Ukagonga pete ukatoka.

Alhamisi, 10 Julai

Deo kapiga simu kutoka Dar. Ni mhasibu wangu, hapigi bila sababu. Sheria ya fedha imebadilika tangu mwezi huu ulipoanza. Zawadi za michezo vyuoni zimetolewa kwenye orodha ya msamaha wa kodi. Zimebaki za darasani na za zahanati.

Miaka yote barua ya chuo ilinifanyia kazi mbili. Mzigo wa zawadi uliingia bila ushuru, halafu thamani yake ikatolewa kwenye mapato yangu kabla sijakatwa kodi. Sasa vyote viwili hakuna. Deo anasema, "Dada Paskalina, mwaka huu wapelekee madawati. Msaada ni msaada."

Nimekasirika. Kisha nikajiuliza nimekasirikia nini hasa. Kama ni zawadi, kwa nini naumia hivi? Sikupenda jibu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimempigia Mwalimu. Wazo ni la Deo lakini mdomo ni wangu. Nimemwomba amwambie mkuu wa chuo aandike barua, iseme ndani ya maboksi mna vifaa vya kufundishia. Maneno mawili tu, yangepita.

Akajibu: "Paskalina, vifaa vya kufundishia ni chaki na vitabu. Hizi ni raba."

"Najua, Mwalimu. Ni kwa ajili ya karatasi tu."

"Nimebakiza miezi miwili na nusu. Miaka thelathini na nne sijapeleka karatasi ya uongo kwa mkuu yeyote. Unataka nianze leo, kwa ajili ya mpira?"

Nikamwambia basi, yaishe. Akasema kama ni mzigo kwangu niseme tu, watatafuta kwingine, hatanung'unika. Nikamwambia si mzigo. Nitapeleka hivyohivyo.

Alinipa mlango. Nikaufunga mwenyewe.

Jumatatu, 14 Julai

Bado nina hasira. Ananihubiria uaminifu, ushuru nalipa mimi.

Ila ni huyuhuyu aliyenivalisha raba zake mwaka wa kwanza. Nilikuja chuoni na kandambili. Raba zake zilikuwa kubwa, tukajaza magazeti kwenye ncha. Yeye akasimama pembeni ya uwanja na ndala, na filimbi mdomoni.

Sitaki kuyawaza haya leo.

Ijumaa, 25 Julai

Tumefunga kontena. Jua kali, ghala kama tanuri. Nilikuwa nimeacha nafasi nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya maboksi ya chuo. Raba sijanunua. Nilikuwa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Yule laoban wa mikoba akaniita kama nilivyojua, bei ya kutupa, akitaka nichukue yote. Nimechukua yote. Imejaza ile nafasi hadi mlangoni.

Lori limeondoka saa nane kwenda bandari ya Nansha.

Saa kumi Mwalimu kaandika: Vitu vimepanda?

Nikaandika: Vimepanda, Mwalimu.

Sikufikiri. Vidole viliandika. Nitarekebisha. Kuna ndege.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani. Wanigeria wameimba vizuri, Wakongo wamecheza. Nimekaa nyuma.

Jumatano, 13 Agosti

Mwalimu katuma ujumbe wa sauti, mrefu, kwa furaha. Nimeusikiliza nikiwa nimesimama kwenye ngazi za metro, watu wakinipita.

Kuna mzee mmoja kwetu Singida ana kiwanda cha kukamua alizeti. Kaenda chuoni wiki iliyopita, kasema anataka kuwavalisha wasichana, jezi na viatu, wote. Mwalimu akamshukuru, akamwambia wasichana wameshapata, mzigo uko majini, awavalishe vijana wa mpira wa miguu ambao hawana kitu. Mzee akakubali. Vijana wameshapimwa.

"Nimeona si vizuri kupokea mara mbili wakati wengine hawana," anasema. Anacheka.

Nimekaa pale kwenye ngazi. Mlinzi akaja kunifukuza.

Naweza kumwambia leo. Mzee wa alizeti bado anaweza kurudishwa. Zimebaki wiki tatu na siku tatu.

Sikumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeamua kutuma kwa ndege. Jozi kumi na mbili tu, si kitu. Kabla sijaenda kununua nimempigia Deo. Kasema nisubiri kidogo. Kuna ofisa anamfahamu, anamuulizia kama raba za wanachuo wa ualimu zinaweza kuhesabiwa chini ya somo la elimu ya viungo. Wao wanasomea kufundisha michezo pia, kwa hiyo ni darasa. Ikikubaliwa, kila kitu kinarudi kama zamani, bila mtu kuandika uongo.

Ina mantiki. Nasubiri.

Jumatano, 20 Agosti

Deo: bado.

Jumamosi, 23 Agosti

Deo: Jumatatu hakika.

Mwalimu kauliza meli imefika wapi. Nimemwambia imekaribia Dar. Sasa nasema uongo bila hata jasho.

Jumanne, 26 Agosti

Jibu limekuja. Hapana. Michezo ni michezo.

Siku kumi nimesubiri ruhusa ya kupunguziwa. Siku kumi. Raba za kumi na mbili hazifiki bei ya mikoba niliyojazia kontena, na nilikuwa nazo hela mfukoni tangu Julai. Naandika hivi ili nijisomee mwenyewe.

Nimekwenda mbio sokoni na zile picha za nyayo. Nimezichapa, nikazipanga juu ya meza ya duka. Mama mwenye duka kazitazama, kazigeuza, kaita mumewe aje aone. Kumi na moja nimepata palepale. Ya Shida, meiyou, hakuna. Duka la pili meiyou. La tano, kijana kapanda ngazi hadi dari akashuka na boksi lenye vumbi. Raba ya kiume, nyeupe. Inatosha. Nimeweka mkono juu ya karatasi yake iliyounganishwa kwa gundi na nikapima mara tatu.

Jezi fundi kasema Alhamisi jioni. Nimemwomba Jumatano, haiwezekani. Bu xing. Nimemlipa zaidi. Bu xing.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimebeba mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, mifuko miwili, metro imejaa. Kule kwenye mizigo ya ndege kijana kaniuliza ni bidhaa au zawadi. Sikujua nijibu nini. Kaandika bidhaa.

Jumatatu, 1 Septemba

Imefika Dar. Deo kaenda kuitoa. Kaambiwa aache nyaraka, zitakaguliwa. Nimemwambia alipe chochote, asibishane. Anasema tatizo si kulipa, ni foleni. Mizigo ya vyuo na makanisa inachunguzwa sana tangu sheria ibadilike, kwa sababu wengi bado wanaandika ya zamani.

Alhamisi, 4 Septemba

Bado.

Timu imeondoka leo kwa basi la chuo kwenda mashindanoni. Mwalimu kapiga wakiwa njiani, nasikia wasichana nyuma wanaimba.

"Paskalina mwanangu, meli vipi?"

"Bandari imejaa, Mwalimu. Kesho."

"Basi atupitishie huyo mtu wako moja kwa moja uwanjani. Sisi tutasubiri."

Nimekata simu, nikampigia Deo.

Ijumaa, 5 Septemba

Deo kaambiwa Jumatatu.

Jumamosi, 6 Septemba

Sikwenda sokoni. Nimekaa na simu.

Saa tisa za huku Mwalimu kaandika. Si sauti, maandishi. Kanuni za mwaka huu haziruhusu mchezaji bila viatu, baada ya wawili kuumia mwaka jana. Jezi za zamani zilikuwa na namba, zingevalika. Viatu ndivyo, vya mwaka jana wahitimu waliondoka navyo. Wasichana watano wana raba zao. Uwanjani wanaingia saba, na kanuni hizo hazikubali pungufu.

Kazunguka kambi za vyuo vingine kuomba. Kapata jozi moja, ikamtosha Rehema. Ya saba ilikuwa ya Shida, hakuna chuo chenye mguu ule. Akamkalisha Shida, akamwita Anjela wa akiba, naye hana raba, na vyuo vingine vilikuwa vimeshaingia uwanjani. Anjela akasema atavaa viatu vya Mwalimu. Ni vya ngozi, vya kuvalia ofisini, mwamuzi akakataa. Robo saa ya kusubiriwa ikaisha. Wapinzani wakapewa ushindi, timu ikatolewa.

Shida alilia mbele ya watu, akasema ni mguu wake ndio umeiponza timu.

Mwisho kaandika hivi: Nimewaambia wasikulaumu. Nimewaambia Paskalina hana kosa, ni meli.

Jumapili, 7 Septemba

Nimempigia baada ya ibada. Nilishaandika kwenye karatasi nitakachosema, nisije nikakwepa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, hakukuwa na meli."

Nikamweleza yote. Nafasi ya kontena, mikoba, ndege, siku kumi za kumsubiri ofisa wa Deo. Sikutaja sheria kama kisingizio. Kisha nikaitaja. Nimejisikia nikiitaja.



"Mzee wa alizeti alikuwa amekaa kwenye kiti changu," akasema. "Ofisini kwangu. Hela mkononi."

"Najua, Mwalimu."

"Ulijua siku ileile?"

"Siku ileile."

"Mimi sheria naielewa, Paskalina. Serikali inapanga, mtu anapunguza anachotoa, ni haki yake. Ungeniambia huna, ningewaambia huna. Wasichana wamezoea kuambiwa hakuna."

Nikaanza kuomba radhi. Akasema amesikia. Akasema ana wageni. Kwa nyuma kulikuwa kimya kabisa, hakukuwa na mgeni yeyote.

Jumatano, 10 Septemba

Deo kautoa mzigo jana. Umekaguliwa, umelipiwa kama bidhaa yoyote. Ushuru wenyewe kumbe mdogo. Nilipoona risiti nimeona aibu kuliko siku zote hizi.

Nimemwambia aupeleke Singida kwa basi la leo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia Shida. Namba nimeipata kwa mkuu wa chuo. Nimemwambia si mguu wake. Nimemwambia ni mimi, na nini nilifanya, kwa lugha nyepesi. Hakuelewa kwa nini mtu mzima anampigia kutoka China kumwambia hivyo. Alisema "Sawa dada" mara nyingi. Kisha akasema raba imemwenea.

Alhamisi, 25 Septemba

Deo anauliza tuandike nini kwenye hesabu za kodi kuhusu ule mzigo. Nimemwambia asiandike popote. Auache.

Kaniambia pia wateja wake wengine watatu wameacha kabisa kutoa kwa michezo. Wawili wamehamia madawati. Mmoja kaacha tu. Alitegemea niwaone wabaya. Wale angalau walisema.

Jumanne, 30 Septemba

Leo Mwalimu kastaafu. Mkuu wa chuo katuma picha kwenye kundi letu la wahitimu. Keki, kitenge kipya, kabati la vyombo kama zawadi. Wasichana wamesimama nyuma yake wamevaa jezi mpya, nyekundu, zile. Wamepanga mstari vizuri. Wote wana raba. Yeye hatabasamu wala hajanuna. Anatazama pembeni ya kamera.

Wenzangu kwenye kundi wameandika hongera kwa Mwalimu, hongera Paskalina kwa jezi. Nimeandika kwamba jezi zilichelewa kwa kosa langu na timu haikucheza. Baadaye mtu akatuma picha nyingine ya keki.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sikukuu huku, maduka mengi yamefungwa. Mji umetulia. Nimefua, nimepika ugali wa unga wa Wakenya na mchicha wa hapa.

Jioni nimempigia Mwalimu. Sikutegemea angepokea. Kapokea.

Kaniuliza kama nimekula. Kaniambia anajenga banda la kuku, fundi ni mlevi lakini mkono wake mzuri. Mbuzi wa jirani wamekula miche yake yote ya pilipili. Mjukuu wake kaota jino. Mvua bado, ila upepo umegeuka. Alitaka kujua kama huku kuna nyavu za banda za bei nafuu. Nikasema zipo, nitamtumia. Akasema hapana, alikuwa anauliza tu, za Singida zinatosha.

Zamani simu zetu zilianza na timu na kuishia na timu. Nani anaruka, nani mvivu, nani kapata mimba akaacha. Nilikuwa nachoka kusikiliza.

Tumeongea kama nusu saa. Nimengoja. Netiboli hakuitaja. Akanitakia usiku mwema, kwa upole, kama anavyomtakia mtu yeyote.