Nilimpitisha Mzee Juu ya Kwao

Jumatano, Agosti. Mbeya.

Bado nina hasira, wala si na upepo. Ni na rubani mwenzangu aliyenipigia simu jioni akicheka: "Dada, upepo ule tu? Mimi ningetua."

Yeye hakuwepo. Mfuko wa kuonyesha upepo pale uwanja wa ndege wa Sumbawanga mara ulijaa, mara ulilegea, na moshi wa mashamba yanayochomwa kijijini Pito, karibu na uwanja, ulikuwa umelala kukatisha njia ya kutua, ishara kwamba upepo unavuma kutoka ubavuni. Nikashuka hivyo hivyo. Karibu na ardhi upepo ukatupiga ubavuni, tukatoka kwenye mstari. Nikaongeza nguvu, tukapanda. Nilishaamua tangu juu kwamba nikisukumwa mara moja sirudii. Mafuta ya kurudi Mbeya hayachezewi.

Nyuma yangu alikaa mzee wa Pito, anawahi kumzika mdogo wake. Wamezika bila yeye.

Tulipotua huku nikamwambia, "Baba, pole sana. Nisamehe."

"Mwanangu," akasema, "nimewaona watu wa msiba nyumbani kwangu, pale chini kabisa. Ukanipandisha tena."

Neno hilo linaniuma. Sijui hata kama nitalala.

Kesho asubuhi, kabla upepo haujaamka, nampeleka. Ameomba akae mbele, pembeni yangu, auone huo moshi kwa macho yake. Sawa, auone. Ukiwa umelala vile, sitatua; nitampitisha tena juu ya kwao.