Winchi Nyuma ya Bampa

Zahanati, upande wa Garsen
3 Machi 2025

Mjomba Dzoro,

Shikamoo mjomba. Natumai barua itakukuta na afya, wewe na wote wa Tononoka, na kwamba kile kiuno kimeacha kukuonea. Mimi sijambo, joto tu ndilo linatutesa. Baba na mama niliwaacha salama Vitengeni mwezi uliopita, wanakusalimu sana.

Aliyekuletea barua hii ni Arnold, dereva wetu. Usimwogope kwa urefu wake, ni mpole. Gari alilokuja nalo ndilo la zahanati, na kwenye lile sanduku la mbao mna winchi, ile mashine yenye roli la waya ya kuvutia gari likinasa. Wageni fulani walituachia zawadi. Mwaka mzima imekaa stoo tukiifanya meza ya chai. Masika yakianza huku, udongo mweusi unageuka uji. Mwaka jana tulinasa mara kumi na moja, na mara moja tulikuwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Hiyo sitaki kuiandika.

Nakuomba uifunge kwenye bampa la mbele. Sharti ni moja: bampa ni lile lile lililotoka na gari kiwandani, lisibadilishwe wala kukatwa, maana gari ni la kuazima na mwenyewe atalikagua. Arnold anasema ni bolti nne tu, kazi ya siku moja. Gari nalihitaji kabla mwezi haujaisha.

Ningepiga simu, lakini mtandao naupata nikishuka mjini tu, na kila nikikupigia uko chini ya gari la mtu, husikii.

Mpwa wako,
Sidi


Tononoka, Mombasa
9 Machi 2025

Sidi mama,

Marahaba, marahaba. Sisi hatujambo. Kiuno kipo, tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa miwani. Arnold nimempandisha basi la kurudi huko akiwa ameshiba. Yule kijana anakula kama aliyetoka kufungwa.

Sasa nikugombeze kidogo. Eti bolti nne tu! Mwambie Arnold aendelee kuendesha, ufundi atuachie. Nimelitoa bampa lenu nikaliangalia nyuma. Mbele linang'aa, nyuma ni bati, ningeweza kulikunja kwa goti. Ukifunga winchi hapo, siku waya ukikaza gari litabaki topeni na bampa ndilo litakaloondoka. Kinachovutwa ni chesi, yale machuma mawili marefu yaliyobeba gari zima. Kwa hiyo nitatengeneza bamba nene la chuma, nilifunge kwenye chesi huku na huku, winchi ikae juu yake. Halafu bampa lenu nalirudisha mbele kama pazia. Waya utatokea kwenye ule mdomo wa kuingizia hewa, chini ya nambari. Mwenye gari akija kukagua atazunguka mara tatu asione kitu.

Bamba atanikatia Mzee Gharib wa Kuze. Ndiye aliyekupa tende ulipokuwa mdogo, ukamtemea kokwa kwenye kiatu. Bado anaulizia.

Nipe wiki moja. Ukiongea na baba yako mwambie... basi, msalimie tu.

Mjomba wako,
Dzoro


Garsen
22 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko? Sisi tunaendelea vizuri, ila wiki moja uliyosema imekuwa mbili na gari silioni. Jana mawingu yalikusanyika, wazee wakaanza kuhamisha mbuzi. Arnold anashinda akifuta viatu kwa kukosa cha kufuta. Umekwama wapi?

Mpwa wako,
Sidi


Tononoka
26 Machi 2025

Sidi mama,

Salamu kutoka kwetu sote. Tu wazima, na tunakuombea uzima.

Pole kwa kungoja. Kazi hii ina ujeuri wake. Kwanza winchi ilipokaa ilizuia hewa kufika kwenye rejeta, na gari lingechemka kabla ya kufika Mtwapa. Nikaishusha. Nilipoishusha, kishikio cha kulegeza waya kikajificha nyuma ya bampa, mkono haufiki. Ungekuwa topeni, waya hautoki, unabaki kunilaani. Ikabidi niifungue mashine nigeuze kichwa chake kishikio kitazame juu. Sasa unafikia kwa mkono mmoja, bila hata kuinama.

Imebaki kuangalia angalia. Siku chache.

Mjomba wako,
Dzoro


Garsen
5 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Wengine huku si wazima, na ndiyo sababu leo sitakuwa na maneno mengi ya adabu.

Mvua imeanza. Jumatatu mama mmoja alibebwa kutoka kijijini kwao juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, maji ya magoti, saa sita njiani. Alijifungulia chini ya mti kabla hawajafika. Mtoto yuko hai. Mama alipoteza damu hadi ndani ya kope zake pakawa peupe, na mpaka leo hawezi kukaa bila kushikwa. Gari letu lingemfuata kwa saa moja.

Arnold alikuja Mombasa juzi kuchukua dawa. Hakukukuta, akapita Kuze kwa Mzee Gharib. Mzee alimwambia hivi, nami nayaandika kama yalivyo: "Gari lishakwisha zamani. Lilivuta hata tela la watu pale Kibarani, halikutikisika. Mjomba wenu yuwalifungua na kulifunga tu, kila uchao."

Ni kweli? Nilikuamini kuliko gereji zote za Mombasa. Kama kuna mtu mwingine unayemkodisha gari la wagonjwa, niambie nijue. Arnold anakuja Jumatatu. Akute ufunguo.

Sidi


Tononoka
7 Aprili 2025

Sidi,

Salamu. Sisi wazima. Gari ndilo hili, ufunguo nimempa Arnold mkononi. Sijamkodisha mtu. Gharib amesema kweli, lilikuwa tayari tangu tarehe kumi na sita mwezi uliopita. Ya rejeta na kishikio hayakuwa uongo, ila yalinichukua siku mbili. Yule mama wa kitandani ni kosa langu.

Kila asubuhi nilikuwa nalitoa bampa, nazikaza bolti, nalirudisha. Mchana nalitoa tena. Gharib akanishangaa: "Dzoro, bamba hili hata gari moshi lavuta. Wewe lakutisha nini?" Nikamwambia halinitishi. Wewe nitakuambia.

Mwaka 2011, siku mbili kabla ya Krismasi, baba yako alinijia na lori la mchanga alilokuwa akiendesha. Alitaka ndoano mbele, ya kufungia mnyororo lori likinasa. Ndoano kama hiyo huchomelewa kwenye chesi. Kuifikia chesi ilibidi nitoe bampa, kazi ya nusu siku, nami nilikuwa nimeshavaa shati la kwendea nyumbani. Nikaichomelea kwenye bampa. Nikapaka rangi nyeusi juu, ikapendeza. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo hata nyumba itavuta."

Mengine unayajua tangu darasa la tano. Lori lilinasa, baba yako akafunga mnyororo, akasimama kando awaelekeze waliokuwa wakivuta, mnyororo ukaruka, ukamvunja mguu usiweze kuungwa tena, ukakatwa. Na unajua kila mtu alisema baba yako Kahindi aliufunga mnyororo vibaya. Usilolijua ni kwamba mimi ndiye niliyetumwa kesho yake kulifuata lori. Niliikuta ndoano matopeni. Mnyororo ulikuwa bado juu yake, umefungwa vizuri kabisa, kazi ya mtu makini, na kipande cha bampa kimeng'ang'ania nyuma. Mchomeleo wangu haukuachia, bati ndilo lililopasuka. Nilivichukua vyote nikaenda kuvitupa jaani Kibarani.

Halafu nikaenda hospitali. Baba yako aliniuliza mimi, hakumuuliza daktari wala mama yako: "Dzoro, nilifungaje?" Nikamwambia, "Ulifunga vibaya, shemeji." Akageukia ukutani akasema, "Najua."

Mguu ulikwenda kwa uvivu wangu. Lakini lile neno nililisema nikiwa na akili zangu timamu, nikamwachia yeye alibebe miaka kumi na mitatu. Kila Krismasi naja na mchele, nakaa naye, namuulizia mahindi. Naona haya, Sidi. Nimeona haya muda mrefu sana.

Ulipoandika nifunge winchi kwenye bampa, nilikaa chini ya gari lako nusu saa bila kushika spana.

Sasa sikiliza vizuri. Waya ukikaza, weka gunia juu yake katikati, ili ukikatika usiruke. Watu wote wakae hatua thelathini, pembeni, asisimame mtu mbele. Asivuke mtu juu ya waya, hata mtoto. Anayebonyeza swichi ni mmoja tu, na akae nyuma ya mlango.

Barua hii msomee baba yako ukitaka. Usipotaka, ichome.

Dzoro


Tononoka
11 Mei 2025

Sidi mama,

Salamu nyingi. Natumai hujambo. Sisi tuko hivyo hivyo.

Sijapata jibu, wala sidai. Redioni wanasema mvua imewazidi huko. Niandikie neno moja tu kuhusu gari: lilivuta au halikuvuta. Kama mkono wako hautaki kuniandikia, aandike Arnold.

Mjomba wako,
Dzoro


Vitengeni
2 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Niko nyumbani, nimepewa likizo ya siku nne.

Lilivuta. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Aprili, msichana wa mimba ya kwanza, siku ya pili ya uchungu. Tulizama mpaka milangoni. Arnold alitembea na waya hadi kwenye mti mkubwa, akaufunga. Niliweka gunia. Niliwarudisha watu hatua thelathini nikiwahesabia kwa sauti kama watoto wa shule, mama mkwe wa yule msichana akanitukana, nikaendelea kuhesabu. Nikabonyeza. Nikuambie ukweli, mjomba, nilitamani kidogo winchi igome. Ningekuchukia vizuri, bila shida. Bampa halikuguna hata kidogo. Tulifika hospitali, mtoto ni wa kike, ana sauti ya kuudhi. Nilikaa kwenye ngazi za wodi nikalia kwa hasira, kwa sababu mikono ni ile ile iliyofanya yote mawili.

Barua yako nimezunguka nayo mfukoni mwa sare wiki nane, mara mbili nusura niifue.

Juzi nilimsomea baba, mama akiwepo. Alisikiliza akitazama miti. Nilipofika pale hospitalini aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akataka nirudi juu, pale kwenye mnyororo. "Amesema nilifunga vizuri?" Nikamwonyesha mstari, akaweka kidole juu yake akakaa nacho hapo. Mama alikuwa ameshaanza kukutukana, ukoo wenu wote, akasahau kwamba ni wake pia. Baba akamwambia, "Nyamaza, Nyevu, nasoma."

Kuna kitu ambacho hata wewe, Krismasi zote hizo, sidhani ulikiona. Baba hafungi kitu. Tangu alipotoka hospitali. Mbuzi hufungwa na mama, lango nilikuwa nafunga mimi, siku hizi jirani. Gunia la mahindi likijaa anaita mtu. Hata kile kiatu chake kimoja ni cha kuchomeka, hakina kamba. Sisi tulidhani ni sababu ya mguu. Kumbe mikono yake ndiyo aliyokuwa haiamini, mjomba, na hakuna aliyemuuliza.

Hajasema amekusamehe. Mimi pia sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Ninapokufikiria nakuona ukinibeba begani pale gerejini, halafu nakuona jaani, na sijui nifanye nini na hao watu wawili. Baba amesema uje. Usilete mchele. Ukae mbele yake umwambie kwa mdomo wako yale uliyoyaandika, naye atakujibu atakavyokujibu. Njoo Jumamosi, mama ameahidi kunyamaza mpaka ule.

Jana jioni baba alichukua kamba mwenyewe. Akajikongoja hadi kwa beberu mkubwa, yule mkorofi anayekatiza shamba la watu, akamfunga kwenye nguzo, akarudi kuketi. Hakumwita mtu akaangalie. Asubuhi hii nilidhani bado amelala, nikatoka polepole, nikalishika lile fundo kwa mikono miwili, nikalivuta kwa uzito wangu wote. Halikusogea. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake.

Akaniambia, "Vuta tena."

Mpwa wako,
Sidi