Buti za Mguu Mpana

Dada Dorcas,

Mke wangu Suzana amekufa. Tumemzika Kisesa. Shikamoo.

Akiwa mgonjwa alipima upana wa mguu wangu kwa kamba, akampa mdogo wetu Machibya anitafutie buti za kupandia mlima kwenye mitumba yake, maana nabeba mawe mlimani nikiwa na ndala tu. Machibya akaleta nyembamba. "Vaa tu kaka, zitaachia." Vidole vikatoka damu. Suzana nikamwambia zimenikaa vizuri.

Msibani Machibya kaja kavaa buti pana za mlima, kajazia matambara zisimvuke.

"Hizi si zangu?"

"Nilizipenda kaka. Wewe mguu wa bata, ndala zinakutosha!"

Watu wakacheka, jeneza liko pale.

Usiniambie nimsamehe. Kesho narudi kazini.

Ngosha